Kombe la Azam 2017/18: Simba, Yanga na Azam zote zilitolewa kwa matuta (mikwaju ya penalti). Bahati mbaya au kulikuwa na sababu?

#1 Shabiki wa Mikoani

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna ubishi kazini kwetu hauishi: msimu upi wa Kombe la Shirikisho la Azam ulikuwa mtamu kuliko yote tangu lirudishwe 2015/16? Mwenzangu anashikilia 2020/21, kisa fainali ya Simba na Yanga pale Lake Tanganyika, Kigoma, na lile bao la Taddeo Lwanga. Mimi nasema hakuna msimu unaoufikia 2017/18.

Angalieni wenyewe. Simba, bingwa mtetezi, katolewa Chamazi Desemba 2017 na Green Warriors, timu ya Ligi Daraja la Pili. Sare 1-1, matuta 4-3. Azam katolewa robo fainali uwanjani kwake na Mtibwa Sugar, 0-0, matuta 9-8. Yanga katolewa robo fainali uwanja wa Namfua, Singida, na Singida United, 1-1, matuta 4-2. Nusu fainali wakabaki Mtibwa, Singida United, Stand United na JKT Tanzania. Simba hayupo, Yanga hayupo, Azam hayupo. Fainali ikapigwa Sheikh Amri Abeid, Arusha, Mtibwa akashinda 3-2.

Swali langu ni moja. Vigogo wote watatu kuanguka msimu mmoja, na wote kwa matuta, ilitokana na nini? Naomba hoja, matusi tuyaache.

#2 Mnyama Damu

Mkuu umetuamshia kidonda. Ila ukiandika habari ya Simba ya msimu ule iandike yote. Ligi tulibeba. Tulipoteza mechi moja tu, ile ya Kagera Sugar Mei 2018, tukiwa mabingwa tayari, Rais Magufuli akiwa uwanjani. Okwi alifunga mabao 20. Timu ya namna hiyo ikitolewa na daraja la pili kwa matuta, mimi sina jina jingine la kuipa zaidi ya bahati mbaya.

#3 Mtaa wa Twiga

Bahati mbaya gani wakati mlisajili kikosi cha bilioni 1.3 na mji mzima mkautangazia? Okwi, Niyonzima, Bocco, Manula, Kapombe, Nyoni. Halafu dakika tisini mnashindwa kuifunga timu ya daraja la pili mabao mawili. Msikimbilie matuta. Swali ni mlifikaje huko kwenye matuta.

#4 Mnyama Damu

@Mtaa wa Twiga na nyie Yanga Januari ile Ihefu aliwapeleka wapi pale Sokoine, Mbeya? Si matuta hayohayo? Ihefu ya wakati ule haikuwa hata ligi kuu. Mlipita kwa tundu la sindano.

#5 Mtaa wa Twiga

Tulipita. Nyie mlibaki.

#6 Kipa wa Zamani

Habari za humu. Niseme kwa upande wa kazi yangu, maana nimedaka daraja la kwanza na baadaye nimefundisha makipa wa timu za mkoa.

Watu wanadhani penalti ni kamari. Kwa timu ndogo matuta ndiyo mpango wenyewe wa mechi. Ukipangiwa Simba au Yanga, mwalimu hakwambii "tukawafunge". Anakwambia tubane, tusifungwe mapema, tufike dakika ya tisini, halafu tuwaone. Wiki nzima mazoezi yanaishia kwenye penalti, na zinapigwa mwishoni kabisa, miguu ikiwa imekwisha, kwa sababu hali hiyo ndiyo utakayoikuta siku ya mechi. Mimi nilikuwa nawafunga makipa wangu kitambaa kwenye nguzo, kimo cha goti, pande zote mbili, nawaambia wasihangaike na kona ya juu. Mchezaji aliyechoka na mwenye hofu hapigi juu. Anapiga chini, na mara nyingi anageuza nyonga kabla ya kuugusa mpira. Kipa akijifunza kuisoma ile nyonga ana nusu ya kazi mkononi.

Sasa mpigaji wa timu kubwa anafika pale hajafikiria kabisa kwamba mechi ingefika huko. Akikosa, kesho yake yuko ukurasa wa mbele wa gazeti. Yule wa Green Warriors akikosa, nani atamjua? Mizigo yao haifanani.

Kumbukeni pia ilikuwa kabla ya 2019, sheria ikimtaka kipa miguu yote miwili iwe kwenye mstari. Siku hizi mguu mmoja unatosha. Kipa wa wakati ule aliyeokoa alistahili pongezi zaidi.

#7 Mwalimu wa Hesabu

Hoja ya #6 nzuri, ila tuiwekee namba. Tuchukulie kila matuta ni nusu kwa nusu. Uwezekano wa timu tatu maalumu kupoteza zote ni moja ya nane. Moja ya nane si muujiza hata kidogo. Ukirudia misimu kadhaa lazima upate mmoja wa hivyo. Kwa hiyo "zote kwa matuta" peke yake haithibitishi mpango wa mtu yeyote.

Kinachonishangaza mimi ni kile alichogusia @Mtaa wa Twiga. Mechi tatu, timu tatu kubwa, na kwa dakika tisini zimefunga mabao mawili tu jumla. Hapo ndipo pa kuchimba.

#8 Mtoto wa Chamazi

Nilikuwepo uwanjani siku ya Green Warriors. Jamaa walikuwa na pumzi ya ajabu. Kila mpira wa pili ulikuwa wao. Simba walipiga krosi mpaka zikachosha kuangalia, na mabeki wale walikuwa wanaruka kila krosi kama ndiyo ya mwisho. Na ile nyasi bandia ya Chamazi inataka mpira wa haraka, Simba wakacheza taratibu. Kesho yake tu Omog akafukuzwa. Kwa hiyo uongozi wenyewe hawakuona ni bahati mbaya, waliona ni kocha.

#9 Afande Mstaafu

Timu za majeshi, ndugu zangu. Hilo mnalizunguka tu. Green Warriors ni ya jeshi. JKT Tanzania alikuwa daraja la kwanza msimu ule na akafika nusu fainali. Tanzania Prisons alifika robo. Kijana wa timu ya jeshi ana ajira, anakula, anakimbia asubuhi kila siku, na akiambiwa asivuke mstari havuki. Mechi moja ya mtoano ukikutana na watu wa hivyo unapata tabu, hata kama una mchezaji wa milioni mia.

#10 Dada wa Kirumba

@Afande Mstaafu shikamoo. Hoja yako inamgusa Simba peke yake. Mtibwa ni timu ya kiwanda cha sukari. Singida United haikuwa ya jeshi. Waliomtoa Azam na Yanga ni raia watupu.

Na mtoa mada umeusahau msimu uliotangulia. 2016/17 Mbao FC ya kwetu Mwanza, ndiyo kwanza imepanda ligi kuu, ilimtoa Yanga nusu fainali 1-0 hapa Kirumba. Fainali tukaenda na Simba mpaka dakika za nyongeza, tukafungwa 2-1 kwa penalti ya Kichuya mwishoni kabisa. Kwa utamu, ule wa Mbao ulikuwa juu.

#11 Bwana Takwimu

Nakumbuka fainali ya 2018 pale Jamhuri Dodoma, mvua ya mabao, Mtibwa na Singida. Ile mechi ilikuwa moto.

#12 Dada wa Kirumba

@Bwana Takwimu Jamhuri Dodoma ni hiyo ya Simba na Mbao, Mei 2017. Ya Mtibwa na Singida ilikuwa Arusha, tarehe 2 Juni 2018, kama alivyoandika mtoa mada hapo juu.

#13 Alizeti

Mwenyeji wa Singida nimefika.

Ya Yanga Namfua ilikuwa tarehe 1 Aprili 2018, nilikuwepo. Mnaongelea penalti kana kwamba mechi haikuchezwa. Yanga walitangulia kwa bao la Yusuf Mhilu, Kenny Ally akasawazisha. Baada ya hapo Singida hawakuonyesha woga wowote. Sababu yake iko wazi: benchi letu alikaa Hans van der Pluijm, mtu aliyewafundisha Yanga miaka kadhaa na kuwapa ubingwa. Deus Kaseke naye alitokea Yanga. Pluijm alimjua kila mchezaji wa Jangwani anapenda mguu gani. Mtu kama huyo ukimpa wiki moja ya kujiandaa kwa mechi moja, amekumaliza.

Na Namfua wakati ule ndiyo ilikuwa imetoka kwenye ukarabati. Msimu tuliuanza tukicheza Dodoma. Watu walikuwa na kiu ya mpira mkoani kwao, waliopata tiketi na waliokosa wote walikuwa pale nje tangu asubuhi. Akina mama waliacha masoko. Ile sauti mchezaji wa Yanga aliisikia anapokwenda kuweka mpira kwenye alama.

#14 Mtaa wa Twiga

@Alizeti Pluijm namheshimu sana, ila muiseme na hali ya Yanga ya mwezi ule. Machi tumecheza na Township Rollers, tukatolewa Ligi ya Mabingwa. Aprili 7 tunamsubiri Welayta Dicha ya Ethiopia, mchujo wa kuingia makundi ya Shirikisho Afrika. Katikati hapo, Aprili 1, tunasafirishwa Singida. Hatuna Manji, mwenyekiti na mfadhili wetu, kajiuzulu tangu Mei 2017. Ukata umetukaba. Kocha Lwandamina mwenyewe aliondoka mwezi uleule akarudi ZESCO ya Zambia. Timu iliyochoka, yenye njaa, kocha ana mguu mmoja nje. Kututoa haikuwa kazi ya kutisha.

#15 Mwalimu wa Hesabu

@Mtaa wa Twiga ratiba inaeleza ya Yanga. Ya Simba haielezi. Desemba 2017 Simba hakuwa na mechi yoyote ya CAF (Shirikisho la Soka Afrika), alikuwa na ligi tu. Na Azam hakuwa kwenye mashindano ya Afrika kabisa msimu ule.

#16 Lambalamba Original

Azam tuna sababu yetu, na imetajwa kwenye #3 bila mtu kuitilia maanani. Manula, Kapombe, Nyoni, Bocco. Wote wanne waliondoka kwetu katikati ya 2017 wakaenda Simba. Bocco alikuwa nahodha na mfungaji wetu wa miaka yote. Unamtoa mtu wa namna hiyo halafu unataka timu iifunge Mtibwa iliyokaa nyuma dakika tisini? 0-0 ile ilikuwa ya kukosa mtu wa kumalizia. Matuta yakafika mpaka 9-8, maana yake wapigaji wetu walikuwa sawa tu. Hapo kweli nakubaliana na wanaosema bahati, mmoja lazima akose.

#17 Mnyama Damu

Kwa hiyo kosa la Azam kutolewa ni la Simba, na kosa la Simba kutolewa ni la nani?

#18 Lambalamba Original

Muulizeni Omog.

#19 Winga wa Vumbini

Mimi nilicheza Ligi Daraja la Pili miaka hiyo, timu siitaji. Mnayachambua kwa akili za ligi kuu ndiyo maana hamuelewani.

Kwetu mechi ya Kombe la Azam dhidi ya timu kubwa ilikuwa ndiyo siku pekee mwaka mzima unaonekana kwenye televisheni. Mama yako kijijini anakuona. Mawakala wanakuona. Timu yangu ilikuwa na miezi ambayo hatujalipwa hata nauli, tunakwenda mazoezini kwa miguu, lakini ikitangazwa droo na jina kubwa likatoka, mnaona watu waliokuwa wamekata tamaa wamerudi kambini bila kuitwa. Mchezaji wa Simba anaiona mechi hiyo kama usumbufu kabla ya ligi. Mimi naiona kama usaili wa kazi. Hapo hata mwili unacheza tofauti. Unapata mkwaruzo ambao ligi ungekutoa nje wiki mbili, unainuka unakimbia.

Kwa hiyo @Kipa wa Zamani ana hoja, @Afande ana hoja, ila chini ya yote kuna hilo.

#20 Kipa wa Zamani

@Winga wa Vumbini umenena kaka. Nami nimewaona vijana wa hivyo.

#21 Mchambuzi Huru

Njaa ya mchezaji ni sababu ya kila msimu. Kila mwaka daraja la pili wana njaa, na kila mwaka hawamtoi Simba. Lazima kuwe na kitu cha msimu ule.

Mimi naona ni thamani ya kombe lenyewe. Bingwa alikuwa anapata milioni 50 na nafasi ya Shirikisho Afrika. Simba alikuwa amekaa miaka mitano bila ubingwa wa ligi, na 2016/17 aliukosa kwa tofauti ya mabao tu, pointi 68 kwa 68 na Yanga. Akili yote ya klabu ilikuwa kwenye ligi. Tiketi ya Afrika alishaipata kwa kombe lililopita. Ukiwa na hesabu hizo, Green Warriors anakuwa mtu wa kupita tu.

#22 Mnyama Damu

Hiyo ya pointi 68 umegusa penyewe. Ubingwa wa 2017 ulituuma kuliko Kombe la Azam lolote. Halafu yale ya pointi tatu za Kagera Sugar, tunapewa, tunanyang'anywa. Tuliingia msimu wa 2017/18 tunaitaka ligi kwa hasira.

#23 Dada wa Kirumba

Ila siku ya mwisho ya msimu ule Mbao tulimfunga Yanga 1-0 hapahapa Kirumba, na bado akabeba. Sisi kazi yetu tuliifanya, mabao ya kutosha mngefunga wenyewe.

#24 Afande Mstaafu

Tumetoka nje ya mada sasa. Turudi 2018.

#25 Wa Turiani

Mimi nimesoma kurasa zote hizi, wanaongelewa waliotolewa tu. Bingwa hamumsemi. Huo ndio ugonjwa wa soka letu.

Mtibwa Sugar tulikuwa mabingwa wa ligi 1999 na 2000, tuliwahi kuuvunja utawala wa Kariakoo, yaani Simba na Yanga, wakati Azam hajazaliwa. 2018 Zuberi Katwila, mtoto wa nyumbani aliyeichezea Mtibwa, anatufundisha na vijana wengi waliokuzwa na klabu. Tulimtoa Azam kwake. Nusu fainali tukaenda Kambarage, Shinyanga, tukamfunga Stand United 2-0 mbele ya mashabiki wao, Chama la Wana wenyewe. Hapo hakukuwa na matuta.

Fainali naikumbuka kama jana. Kihimbwa la kwanza, Issa Rashid la pili, mbili bila. Singida wanarudisha, Chuku kabla ya mapumziko, Kutinyu kipindi cha pili. Mbili mbili. Kibanda tulichoangalizia hapa Turiani watu walikaa kimya, tuliona inakwenda matuta na siku hiyo tuliogopa. Dakika za mwisho Ismail Aidan akafunga la tatu. Watu walitoka nje mbio kuelekea barabara ya Manungu, wengine bado wana magwanda ya shambani.

Timu haifiki pale kwa sababu Simba alidharau mechi au Yanga hakulipwa mshahara. Tulikuwa na timu nzuri.

#26 Shabiki wa Mikoani

@Wa Turiani pokea heshima yako mkuu. Hili ndilo nililotaka lisemwe.

#27 Alizeti

Kwa fainali ile hata mimi niliyefungwa sina kinyongo. Mabao matano, viwanja vingapi vya Dar vimeona fainali ya hivyo?

#28 Mchambuzi Huru

@Wa Turiani timu nzuri sawa, lakini mnakumbuka kilichofuata? Mtibwa walikuwa na deni la adhabu ya CAF tangu miaka ya mwanzo ya 2000, waliposhindwa kusafiri kwenda mechi ya marudiano na Santos ya Afrika Kusini. Ubingwa ukapatikana, ikaja hofu ya kutoruhusiwa kucheza Afrika mpaka faini ya dola 15,000 ilipwe.

#29 Wa Turiani

Ililipwa. Tukacheza. Tukamtoa Northern Dynamo ya Shelisheli, tukatolewa na KCCA ya Uganda. Deni la watu wa zamani vijana wa 2018 wanahusikaje?

#30 Jirani wa Nairobi

Hamjambo watani. Naufuatilia uzi huu kutoka huku. Nasi Kenya mwaka huohuo wa 2018 kombe lilikwenda kwa Kariobangi Sharks, si vigogo wetu Gor Mahia wala Ingwe (AFC Leopards). Labda hakuna siri yoyote, mechi ya mtoano hutoa nafasi kwa kila mtu, na ndiyo maana watu huipenda.

#31 Mwalimu wa Hesabu

@Jirani karibu sana. Hoja yako inaungana na ile ya moja ya nane. Ila kuna jambo linaisumbua. Desemba 2018, mwaka mmoja tu baadaye, Simba akatolewa tena, safari hii na Mashujaa ya Kigoma, timu ya daraja la kwanza. Bila matuta. 3-2, Dar. Desemba mbili mfululizo, timu za chini, bahati hiyo inarudi nyumba ileile?

#32 Mnyama Damu

Mashujaa tulicheza nao tarehe 26. Tarehe 23 tulikuwa tumetoka kumfunga Nkana ya Zambia 3-1, siku ya bao la kisigino la kiungo wetu Chama, tukaingia makundi ya Ligi ya Mabingwa. Mwishowe tukafika robo fainali ya Afrika. Ningepewa kuchagua tena, ningechagua hivyohivyo. Kikosi kilichocheza na Mashujaa kilibadilishwa sana.

#33 Mtaa wa Twiga

Hapo sawa kwa 2018. Desemba 2017 Nkana alikuwa nani?

#34 Mtoto wa Chamazi

Hilo swali limeulizwa kwenye #15 na bado halijajibiwa.

#35 Bwana Takwimu

Ngoja niwape jingine la kuumiza kichwa. Angalieni waliofungwa fainali tatu mfululizo. 2017 Mbao. 2018 Singida United. 2019 Lipuli ya Iringa, waliomtoa Yanga 2-0 Samora halafu wakafungwa na Azam 1-0 pale Ilulu, Lindi, bao la Chirwa. Msimu wa 2019/20 wote watatu walishuka daraja. Lipuli na Singida moja kwa moja, Mbao kwa mchujo. Tena Mbao alishushwa na Ihefu. Na Stand United waliofika nusu fainali 2018 walishuka 2019.

#36 Dada wa Kirumba

Hili linaniuma kuliko yote. Mbao ilikuwa na Ndayiragije, akachukuliwa na timu zenye pesa mpaka Taifa Stars. Wachezaji wakachukuliwa. Kombe linakutangaza, halafu wenye fedha wanakuja na mifuko. Unabaki na jina na madeni.

#37 Alizeti

Kutinyu alikwenda Azam mwaka huohuo. Pluijm akaenda Azam pia. Kwa Mtibwa, Dilunga akaenda Simba. Fainali ilikuwa kama maonyesho ya bidhaa.

#38 Winga wa Vumbini

Msiwalaumu wachezaji. Nimeshasema hapo juu, kwetu ile ni usaili. Mtu amefaulu usaili unataka akatae kazi? Lawama ni kwa klabu zinazouza bila kutengeneza wengine, na kwa viongozi wa mikoa wanaoipenda timu ikiwa fainali tu.

#39 Afande Mstaafu

Singida United ilikuwa na wafadhili wakati wa raha. Raha ilipopungua nani alibaki? Timu ya jeshi haiwezi kufa hivyo. JKT Tanzania alipanda mwaka uleule, akashuka, akapanda tena, lakini yupo.

#40 Wa Turiani

Nasi tulishuka 2024 tukarudi 2025. Timu ya kiwanda nayo haifi.

#41 Mtaa wa Twiga

Na yule Ihefu aliyetutesa Sokoine 2018 mnajua yuko wapi? Ndiye Singida Black Stars wa leo, jina lilibadilishwa 2024. Fainali ya 2025 tumekutana naye New Amaan, Zanzibar, tukamfunga 2-0. Safari hii hatukusubiri matuta.

#42 Alizeti

Jina ni la Singida, ila msitupangie. Singida United ilikuwa yetu, tuliianzisha, tukaipandisha, tukaiona inashuka. Singida Big Stars ikaja, ikawa Fountain Gate, ikahama. Sasa Black Stars imetoka Mbeya. Namfua ile ya Aprili 2018 watu walikuwa wanaishangilia timu iliyozaliwa pale. Hizi za kununua nafasi nazishangilia nikiwa uwanjani, lakini moyo hauko hapo.

#43 Mchambuzi Huru

@Alizeti mashabiki wenzako wanajaa uwanja kila wiki. Timu ikikaa mkoani miaka mitano bado utaiita ya Mbeya?

#44 Alizeti

Niulize ikimaliza hiyo mitano bila kuhamishwa.

#45 Mwalimu wa Hesabu

Mwenye picha au video ya Green Warriors na Simba, dakika tisini zote, aiweke hapa tafadhali. Nataka kuhesabu mashuti yaliyolenga goli. Bila hivyo #3 na #2 hawatamaliza leo.